Mlio wa Mkanda wa Feni

Pikapu ya baba haikuchemka ikiwa mwendoni. Ungeweza kuipakia magunia ya omena, dagaa wa ziwa letu, hadi springi zikalala, ukaipandisha barabara ya kutoka Homa Bay kuelekea Rongo jua likiwa utosini, na mshale wa joto ungekaa katikati bila kutikisika. Lakini ukiisimamisha huku injini inanguruma, mbele ya duka, kwenye kizuizi cha polisi, au kungoja ng'ombe wavuke, mambo yalibadilika. Baada ya dakika tano mshale ulianza kupanda. Baada ya kumi ilikuja harufu ya kutu na mpira wa moto. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba gari lile liliogopa kusimama. Kwamba kulikuwa na kitu kinachotufuata kwa miguu, polepole, na kila tulipotulia mahali kilipunguza umbali.

Nilimwambia baba siku moja. Alicheka hadi akaegemea boneti, kisha akaruka kwa sababu boneti ilikuwa ya moto.

"Sikiliza, nyathina," alisema. Aliniita mwanangu kwa Dholuo kila alipotaka jambo liniingie. "Gari ikikimbia, upepo unaingia mbele bila kuombwa, unapoza maji kwa rejeta. Ikisimama, upepo hakuna. Inabaki na feni yake peke yake. Sasa feni ya hii gari ni kama mzee wa kifua. Inavuta hewa, lakini kidogo."

Na alikuwa na sababu za kusema hivyo. Kava ya plastiki inayoizunguka feni, ile inayoifanya ivute hewa kupitia rejeta badala ya kuiokota pembeni, ilivunjika kabla hatujainunua pikapu. Thamostati, ile inayoongoza maji kwenda kwenye rejeta, fundi mmoja wa Migori aliing'oa akaitupa kwenye nyasi, kama walivyofanya mafundi wengi miaka ile, akisema kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Na boliti inayokaza mkanda wa feni ilikuwa imeisha meno. Mkanda ulilegea, ukateleza, na kila ulipoteleza ulilia. Ulikuwa mlio mwembamba wenye kwikwi: wii, wii, wii, halafu unakata, kama mtoto anayemeza mate, halafu wii tena. Injini ikizunguka polepole sana mlio ulipotea. Ukikanyaga mafuta kidogo, ulirudi.

Mama aliuchukia. Yeye alinunua omena visiwani na kuiuza katika soko la Migori, na baba ndiye aliyeisafirisha. "Nikiwa sokoni najua umefika kwenye daraja," alimwambia. "Soko zima linajua. Watu hawatazami gari, wananitazama mimi."

"Si wanajua mke wa mwenye gari ni nani?"

"Wanajua mke wa mwenye kelele."

Kulikuwa na ugonjwa mwingine, na huo ndio ulioufanya ule wa kwanza kuwa mzito. Stata ilikuwa imekufa, na betri haikushika moto. Nyumbani Migori tuliiegesha pikapu kwenye mteremko kando ya nyumba, na asubuhi baba aliiachilia, ikateremka hadi ikawaka. Lakini ufukweni Homa Bay ni mchanga tu, tambarare, na mchanga hushika magurudumu. Ukizima pale, umekwisha. Honi yenyewe haikulia injini ikiwa imezimwa. Kwa hiyo tulipongoja mtumbwi, injini iliachwa inanguruma, na mtu alikaa kwenye usukani, mguu juu ya akselareta, jicho kwenye mshale wa joto.

Mwaka ule magugumaji yalipoifunga ghuba, mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na ningali nangoja matokeo. Nilikuwa na daftari. Niliandika juu ya usukani, mistari miwili mitatu, kisha natazama mshale, kisha mistari miwili mingine.

Wasomaji wasiolijua ziwa letu huenda hawajaona magugumaji yakitembea. Unalala ghuba ikiwa maji, unaamka ikiwa shamba. Kijani kibichi hadi upeo wa macho, na maua ya zambarau mazuri mno, na hakuna mtu aliyepanda. Mchana unaliacha shamba hilo mahali, unakwenda kunywa chai, unarudi na shamba limeondoka. Halisikiki likiondoka. Mtumbwi ukinaswa ndani yake huondoka nalo. Mwezi uliotangulia mtumbwi mmoja ulibebwa hivyo hadi nje ya ghuba, kwenye maji makubwa. Ulionekana siku ya tatu. Makasia yalikuwa ndani, yamelazwa vizuri kando kwa kando. Watu hawakuwemo.

Na kulikuwa na usubi. Kila mwezi mpya ukikaribia, wadudu hao wadogo huinuka kutoka ziwani kwa wingi usioelezeka. Kwa mbali ni nguzo za moshi, tano, sita, zimesimama juu ya maji pasipo moto chini yake. Nguzo hizo huinama, hutembea, na zikikufikia nchi kavu huwezi kufumbua macho wala kinywa. Hawaumi. Wanakujaza tu. Pikapu ikipita ndani yao barabarani, rejeta huziba kama imepakwa uji.

Ni mama aliyepata dawa yake. Alichukua kipande cha wavu wa omena, ule wenye matundu madogo kuliko punje ya mtama, akakikunja mara mbili, akakishona pembeni kwa uzi wa nailoni, na baba akakifunga mbele ya rejeta, nyuma ya kile chuma cha mapambo. Kilifanya kazi ajabu. Usubi walikwama kwenye wavu, na baba akiwa mwendoni mshale haukusogea. Aliwaonyesha madereva wenzake kwa fahari. "Mvuvi anatega samaki," alisema, "mke wangu anategea rejeta."

Jambo moja zaidi lazima nilisimulie kabla ya siku yenyewe. Mama alizaliwa kisiwani, na kwao watu hawaitani kwa majina juu ya maji. Mtu wako akiwa ziwani nawe uko ufukweni, hupazi jina lake hata kama unamwona. Bibi yangu, mama yake, alinieleza nikiwa mdogo, akichambua omena bila kunitazama. Jina likienda juu ya maji, alisema, si lazima lipokelewe na mwenyewe. Linaweza kuitikiwa na kingine. Na kikishalijua jina, kitaliita siku ambayo wewe hupo. Kwa hiyo walio kwenye mtumbwi hugonga ubavu wake kwa kasia: mara tatu, kimya, mara tatu. Walio ufukweni hupiga debe. Baba, mtu wa mashamba ya Migori, mkulima mwana wa mkulima, aliyaona hayo kuwa mambo ya watu wa samaki. Lakini hata yeye hakuwahi kumwita mama kwa jina pale ufukweni. Alipiga honi.

Siku hiyo mama alikuwa amevuka juzi yake, na mtumbwi ulitazamiwa saa tatu asubuhi. Tulifika mapema. Ghuba ilikuwa wazi, kukiwa na mkanda mwembamba wa kijani kule mbali. Hapakuwa na upepo. Moshi wa meko ya mama mkaanga samaki, ambaye kibanda chake kilikuwa hatua ishirini kutoka tulipoegesha, ulipanda wima kama uzi.

"Nyar Migori!" aliniita. Hakuwahi kuniita vingine, binti wa Migori. "Hiyo gari yenu bado inalia? Si mwiitie nesi."

"Imezoea, mama."

"Inazoea nini? Hata mtoto akizoea kulia anachapwa."

Baba alimjibu kutoka chini ya boneti kwamba samaki wake nao wangelia kama wangejua anavyowakaanga, na wakacheka wote wawili. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka asubuhi ile.

Sikuona magugumaji yakiingia. Niliandika mstari, nikatazama mshale, na nilipoinua macho kuelekea ziwani, ziwa halikuwepo. Kijani kilikuwa kimefika hadi kwenye mchanga, kimetulia, kama kilichokuwa pale tangu jana. Juu yake, nguzo nne za usubi zilikuwa zinakuja kwetu zikiwa zimesimama wima. Kisha zikaungana, zikalala chini, na hewa yote ikawa rangi ya majivu. Sauti yao ni ndogo sana. Ni kama mtu anayenong'ona chumba cha pili.

Nilifunga vioo. Baba alijifunga kitambaa usoni. Ndipo tulipowasikia.

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko.

"Ni wao," alisema mama mkaanga samaki, leso yake ikiwa kinywani. Alikuwa ameliacha karai lake motoni na kusogea hadi kwenye ukingo. "Mashine yao imefungwa na mizizi, wanavuta kwa kasia. Wako karibu. Lakini hawaoni kitu, jaduong', mzee wangu. Ukikaa kwa mtumbwi hayo majani yanakupita kichwa. Ukisimama, usubi."

Baba alifika dirishani pangu. "Honi. Hesabu kumi, honi. Na usiache injini ilale. Wapate sauti ya kufuata."

Nilipiga. Nilikanyaga mafuta kidogo, mkanda ukalia, wii, wii, na kutoka ndani ya majivu ubavu wa mtumbwi ukanijibu: ko, ko, ko. Ulikuwa mbele yangu moja kwa moja. Nikahesabu kumi. Honi. Ko, ko, ko, karibu kidogo. Nakumbuka nilitabasamu. Niliwaza kwamba nitaliandika hili.

Kisha nikatazama mshale. Ulikuwa umepita katikati.

"Baba, inapanda."

"Washa hita."

Wengi hawaamini wakiambiwa hivyo, lakini hita ya gari ni rejeta ndogo ya pili. Ukiifungulia hadi mwisho, inaiba joto la injini na kulimwaga miguuni pako. Niliifungulia. Ndani ya pikapu kukawa tanuri. Jasho lilinichuruzika kutoka kwenye kidevu hadi kwenye daftari. Mshale ulisita, ukafikiri, ukaendelea kupanda.

Mama mkaanga samaki alileta maji kwa ndoo. Baba aliyachuja kwa leso yake na kuyarusha kidogo kidogo kwenye ubavu wa rejeta, kamwe si kwenye injini yenyewe, kwa sababu chuma cha moto kikipata maji baridi hupasuka. Kifuniko cha rejeta hakukigusa. Mvuke ulianza kuonekana pembeni mwa boneti, na ndani ya usubi mvuke huo ulikuwa na umbo, kama mtu aliyejitanda shuka.

"Toa mguu," alisema baba. "Iache ishuke chini kabisa. Ipumzike."

"Si itanyamaza?"

"Itanguruma. Hiyo inatosha. Ikichemka ikazima, tumewapoteza kabisa. Toa mguu!"

Nilitoa mguu. Injini ikashuka hadi kwenye mngurumo wa chini, na mkanda ukaacha kulia. Baada ya kelele ile yote, utulivu ulikuwa mbaya. Nilihesabu kumi, nikapiga honi, na nguvu ya honi nayo ilikuwa imeshuka; ilitoa sauti ya ng'ombe mgonjwa.

Ko, ko, ko.

Haikuwa mbele yangu tena.

Mama mkaanga samaki aligeuza kichwa kwanza, kisha mwili mzima. "Wanaenda kushoto," alisema. "Kwa nini wanaenda kushoto? Kushoto kuna nini?"

Sote tulijua. Kushoto kulikuwa na mdomo wa ghuba, na baada yake maji makubwa.

Ko, ko, ko. Mbali kidogo, na haraka, bila ile hofu ya mtu anayetafuta. Waligonga kama watu walioona mlango. Hilo ndilo lililonitia baridi ndani ya ile tanuri. Baba alifungua kinywa, na nilijua kinachokuja. Aliinua mikono miwili pembeni mwa midomo, akavuta pumzi kumwita mama kwa jina lake, na mama mkaanga samaki akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Usithubutu. Si hapa. Si leo." Mikono ya baba ikabaki hewani. Mtu wa mashamba ya Migori, aliyecheka mambo ya watu wa samaki, hakuita.

Nilitazama mshale. Mguu ulikuwa juu, injini ilikuwa imepumzika, na mshale ulikuwa bado unapanda. Ndipo nilipokumbuka maneno ya baba mwenyewe. Ikisimama inabaki na feni. Na feni inazungushwa na injini. Injini ikilala, feni nayo inalala, na maji yanazunguka polepole. Tulikuwa tunampumzisha mzee wa kifua kwa kumziba pua.

Lakini kama hewa inaingia, kwa nini hata mwanzoni, nilipokuwa nimekanyaga mafuta, haikutosha? Nilichana ukurasa kutoka kwenye daftari. Nilimwona fundi mmoja akifanya hivyo zamani. Nilishuka, nikamwomba baba akae kwenye usukani, nikatembea macho nikiwa nimeyafumba nusu hadi mbele ya pikapu. Usubi waliniingia masikioni. Niliuweka ukurasa kwenye kile chuma cha mapambo, mahali rejeta inapovuta pumzi, nikauachia. Feni ikivuta vizuri, karatasi hukaa. Yangu ilianguka mchangani. Niliiokota, nikairudisha. Ikaanguka.

"Kanyaga mafuta!" nilipiga kelele. Baba akakanyaga, mkanda ukalia. Karatasi ikaanguka.

Nikaingiza vidole katikati ya vyuma, na vidole havikugusa rejeta. Viligusa kitu laini, chenye unyevu, kinene kama blanketi. Kilikuwa wavu wa mama. Tulipokuwa barabarani, mwendo ulisukuma hewa hadi ikapenya. Lakini hapa, pikapu imesimama, safu juu ya safu ya usubi waliokufa ilikuwa imejaza matundu yote. Tulikuwa tumemwagia maji upande mmoja kitu kilichozibwa upande wa pili. Dawa ya mwendoni ilikuwa kitanzi ufukweni.

"Kisu!" nilisema. "Mama, kisu chako!"

Alikuja nacho mbio, kisu cha kupasulia samaki aina ya mbuta, magamba bado yamekishika. Nilikata kamba ya juu, ya chini, nikauvuta wavu kwa mikono miwili. Ulitoka mzima, mzito, na ukaanguka miguuni pangu ukiwa na umbo la mtu aliyejikunja. Mishono ya mama ilionekana pembeni, midogo, iliyopangika. Nilimwagia maji kile kilichobaki kwenye mapezi ya rejeta, nikauweka tena ukurasa wangu.

Ulishikwa. Ulivutwa kutoka mkononi mwangu kwa ghafla, ukanata pale, ukitetemeka kidogo, kana kwamba kulikuwa na mtu upande wa pili anayeusoma.

"Baba, usitoe mguu! Kanyaga nusu, uache hapo hapo!"

Mkanda ulilia. Wii, wii, wii, kwikwi, wii. Ulilia vibaya kuliko siku zote, kwa sababu ulikuwa umelowa, na nafikiri ulisikika hadi mlimani Asego. Honi ikapata nguvu yake. Mshale ulisimama kwenye mstari mwekundu kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha, kwa unene wa unywele, ukashuka.

Ziwa lilikuwa kimya. Tulihesabu kumi. Tulihesabu kumi tena. Mama mkaanga samaki alikuwa ameuma pindo la leso.

Ko.

Moja tu, mbali kushoto. Kisha kimya kirefu. Kisha: ko, ko, ko. Bado kushoto, lakini sasa ilikuwa na shaka ndani yake. Ilikuwa sauti ya mtu anayeuliza. Tukaijibu. Ikauliza tena, ikijongea. Sijui ilichukua muda gani. Nilimwaga ndoo saba kwenye rejeta ile. Usubi walianza kuinuka, kama pazia linavyokunjwa, na kati ya majani ya kijani, hatua sitini kutoka mchangani, niliona kitambaa cha kichwa cha mama.

Walikuwa wanne. Wapiga makasia wawili, mama, na mwanamke mwingine wa omena aliyekuwa akilia bila sauti. Wanaume wa ufukweni walikuja na panga wakawafungulia njia. Mama alitembea kwenye maji ya magoti, uso wake ukiwa wa kijivu kwa usubi, na hakumsalimia mtu. Alipita kando yangu, akapita kando ya baba, akaweka kiganja kwenye boneti ya moto. Hakukiondoa upesi.

"Nani alikuwa na gari nyingine hapa?" aliuliza.

"Gari gani?" alisema baba.

"Ya upande ule." Alionyesha kushoto, kule ambako ufuko huishia kwenye matete na hakuna barabara wala njia ya gari. "Tulikuwa tunakufuata wewe. Halafu ukanyamaza. Halafu ikaanza hiyo ingine."

"Ulisikia mwangwi. Mlima unarudisha sauti."

"Mwangwi wa gari yetu ungekuwa na ugonjwa wa gari yetu." Alisema polepole, kama mtu anayehesabu chenji. "Hiyo haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa inanguruma laini, imetulia, inangoja tu. Niliwaambia hawa vijana, hapo, hapo ndipo. Tukavuta kwa nguvu. Majani yakaanza kuachana yenyewe mbele yetu. Nikaona maji meupe, wazi. Nikasema, asante Mungu, hatimaye ameitengeneza gari."

Mmoja wa wapiga makasia alitikisa kichwa kukubali. Hakutaka kutazama upande ule.

"Halafu nikasikia huo upuuzi wako nyuma yangu," alisema mama. "Wii, wii. Nikajua mume wangu hajatengeneza kitu."

Alimtazama baba usoni kwa mara ya kwanza, na baba akaanza kumpangusa usubi kwenye nyusi kwa kidole gumba, mbele ya watu wote, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Tulirudi Migori bila omena; walikuwa wameimwaga majini kuupunguzia mtumbwi uzito. Wiki nzima baba hakutoka uani. Alikata mtungi wa mafuta ya kupikia, akaupinda kwa moto, akautengeneza kuwa kava ya feni, ikakaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Alitafuta thamostati nyingine na kuifunga. Aliisafisha rejeta kutokea nyuma, maji yakisukuma usubi nje kwa njia waliyoingilia. Wavu alitaka kuuchoma. Mama alikataa, akaufua, akaukunja, akauweka chini ya godoro. Mwisho wa yote alipata boliti mpya na kuukaza mkanda.

Aliiachilia pikapu kwenye mteremko, ikawaka, akairudisha mlangoni, akaiacha ingurume. Dakika tano. Kumi. Ishirini. Mshale ulikaa katikati. Niliweka ukurasa mbele, ukashikwa. Injini ilinguruma laini, imetulia, bila kukohoa. Baba alifuta mikono akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mama alitoka mlangoni na sufuria mkononi. Alisimama, akasikiliza. Rangi ilimtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyozama mchangani.

"Ndiyo hiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Kesho kutwa navuka. Sasa nitaijuaje?"

Baba alifungua kinywa kumweleza, nafikiri, kuhusu milima na sauti, na jinsi joto la maji linavyopinda mambo. Alikuwa na maelezo. Siku zote alikuwa nayo. Alimtazama, akaitazama pikapu iliyokuwa inanguruma pale kwa utulivu, ikingoja. Kisha akazima injini. Akachukua spana, akainama chini ya boneti, na nikamwona akiilegeza boliti mpya nusu mzunguko, kisha robo.

Tuliisukuma mimi naye hadi ikateremka. Iliwaka ikilia. Mama aliusikiliza mlio ule hadi mwisho wa uzio na kurudi, akatikisa kichwa, akaingia ndani kupika.

Kesho kutwa yake alivuka. Nami siku aliyotazamiwa kurudi niliketi ufukweni, ndoo tatu za maji kando ya gurudumu, hita imefunguliwa, jasho likilowesha daftari ambamo sikuandika kitu. Mshale ulipanda, nikamwaga maji, ulipanda, nikamwaga. Ghuba ilikuwa wazi na hapakuwa na usubi. Hata hivyo nilishikilia mguu palepale, nusu, na sikuiacha injini inyamaze, kwa sababu nilijua kwamba kama ningeinua mguu ningelazimika kusikiliza upande wa kushoto.